Mfiwa mnamlaza, mgonjwa mnamnyima mofini

Maswali ya safari hii, kuhusu wanaokufa na wafiwa, mengi ni ya wauguzi wa wodini. Yale ya kuuliza kama mofini, ile dawa kali ya maumivu, "inaua" nimeyaweka kando. Yameshajibiwa mara nyingi mno.

Mgonjwa wangu ana saratani ya mlango wa kizazi, analia usiku kucha. Faili limeandikwa mofini ya maji "akiumwa". Ndugu wanaogopa atakuwa teja.

Kosa liko kwenye hilo neno "akiumwa". Mofini ya kunywa hushika kwa saa nne hivi, kwa hiyo ukingoja alie ndipo umpimie, mtashinda mkiyakimbiza maumivu bila kuyakamata. Mwombe daktari aiandike kwa saa: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, na saa 4 usiku apewe maradufu ili ile ya saa 8 usiku irukwe, alale. Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia, kuanzia miligramu 5 ni kawaida. Mzee au aliyekondeana sana, 2.5. Maumivu yakichomoza katikati, anaongezwa kipimo kilekile anachopewa kila baada ya saa nne, si kile cha maradufu. Kiandike! Asubuhi daktari anajumlisha hizo nyongeza ili kupanga dozi mpya, na usipoandika atadhani mgonjwa alilala salama.

Soma chupa kabla ya kupima. Mililita 5 za myeyusho mmoja zina miligramu 5, za mwingine zina 50, na maji yote mawili yanaweza kufanana. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo, kwa sababu kichefuchefu huisha baada ya siku chache lakini kufunga choo hakuishi. Figo zikiwa mbovu mabaki ya mofini hulundikana mwilini, hivyo dozi hupunguzwa au saa hurefushwa. Ikizidi, kwa kawaida usingizi mzito hutangulia kabla pumzi hazijapungua. Basi mtazame anavyoamka ukimwita.

Kuhusu uteja: mwili kuzoea dawa si uraibu. Waulizeni hao ndugu wanamwogopea uraibu wa lini. Uganda tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, wanaruhusiwa kuiandika mofini wenyewe, huku kwingine bado tunabishana kuhusu ufunguo wa kabati inamofungiwa.

Mjane ana hasira, kesho yake analia. Yuko hatua ya ngapi kati ya zile tano za huzuni: kukana, hasira, kupatana, sonona, kukubali?

Hayuko hatua yoyote. Huzuni haina vituo kama daladala. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alipozieleza hatua hizo mwaka 1969 alitokea kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakufa, si wafiwa. Acheni kuziandika kwenye mpango wa uuguzi.

Mtoto amefia wodini, mama anagaragara chini anapiga mayowe. Familia inataka achomwe sindano ya usingizi.

Ndiyo haya ninayoyalalamikia kila mara: anayekufa kwa maumivu ananyimwa dawa, anayelia kwa haki yake analazwa na diazepam. Kulia si ugonjwa. Akizimia, pima presha, sukari na pumzi kama ungempimia mtu yeyote. La sivyo, ondoa vitu vya kumuumiza, mpatie chumba chenye mlango, mtu mmoja anayemwamini na maji ya kunywa, kisha muulize kama anataka kumshika mtoto wake. Kwa Waislamu maziko mara nyingi ni siku hiyohiyo. Ukimlaza, ataamka kaburi limeshafukiwa, na hilo hakuna dozi itakayomrudishia.

Na "jikaze" ikome. "Kazi ya Mungu haina makosa" aseme yeye akitaka, si wewe mwenye sare. Mtaje mtoto kwa jina, kaa chini, nyamaza.

Mjane wa Kiislamu aliye edani anasema anamsikia marehemu mumewe akimwita. Tumwanzishie haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili?

Hapana. Kumsikia au kumwona marehemu ni jambo la kawaida kwa wafiwa, hasa miezi ya mwanzo. Muulize sauti inasema nini, kama inamwamuru, na kama anatamani kumfuata. Hilo la mwisho uliza wazi. Swali halimpandikizii mtu wazo la kujiua. Akisema ndiyo, au akiwa na mpango, usimwache peke yake, na apelekwe kwa timu ya afya ya akili siku hiyo.

Kutotoka nyumbani kwake kusiandikwe kuwa dalili ya sonona: eda, muda wa mjane wa Kiislamu kukaa nyumbani, ni miezi 4 na siku 10 kama hana mimba. Hata mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, hauiiti huzuni ugonjwa kabla ya miezi 6, na unataka ipimwe kwa mila na dini za mhusika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtu anayejiona hafai kitu, wala hana hata saa moja ya nafuu.

Mgonjwa wa saa za mwisho anakoroma kooni. Tumvute makohozi?

Mgeuze ubavu, inua kichwa kidogo. Mpira wa kuvutia ukizamishwa humtesa na majimaji hurudi. Waeleze ndugu kwamba kwa kawaida mlio huo unawaumiza wao kuliko yeye, na wasimlazimishe uji: unaweza kuingia mapafuni. Wapeni kazi ya kumlowanisha midomo kwa pamba.

Mtoto wa miaka 5 aambiwe mama amesafiri?

Amekufa. Tumieni neno hilo. Anayesafiri hurudi, na mkisema "amelala" mtoto ataogopa kulala.

Je, muuguzi anaruhusiwa kulia mbele ya wafiwa?

Machozi, ndiyo. Wakianza kukubembeleza wao, toka nje.