Python inajumlisha 500 na 200, inatoa 500200

Mdogo wangu, unauliza kwa nini programu yako ya mauzo ya duka, ukiingiza 500 na 200, inakujibu 500200 badala ya 700. Kompyuta haijakosea hesabu. Katika Python 3, lugha uliyoandikia programu yako, chochote kinachopita kwenye input(), yaani amri ya kupokea unachoandika, huingia kama maandishi, hata ukibonyeza tarakimu tupu. Alama ya + ikikuta maandishi mawili huyaunga tu, kama mabehewa ya treni.

Geuza maandishi hayo kuwa namba kamili kwa int, hivi:

bei = int(input("Bei: "))

Kama bei ina senti, tumia float (ya namba zenye desimali) badala ya int. Ila ukiandika 1,500 na mkato wake, int itagoma na kukutupia ujumbe wa kosa uitwao ValueError. Mimi hiyo ilinila jioni nzima! Ondoa mkato kwanza:

bei = int(input("Bei: ").replace(",", ""))

Ukikwama tena, weka print(type(bei)) chini ya mstari unaoushuku, ikuonyeshe bei ni ya aina gani. Ukiona str, yaani maandishi, mchawi umemkamata. Na siku nyingine nibandikie ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, hasa mstari wake wa mwisho. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haisomeki.