Muulize Bibi Shamba: Uani kwangu padogo, nianze na nyanya?

Shikamoo Bibi Shamba. Mi ni mpangaji huku Tabata, uani kuna nafasi kama ya kupaki bajaji mbili hivi, udongo mchanga mtupu. Nimechoka kutoa hela ya mboga kila siku nataka nipande zangu, nianze na nyanya maana ndo zinanimaliza, halafu hoho na karoti kidogo. Maji nanunua kwa jirani mwenye kisima, yana kachumvi kwa mbali. Nianzie wapi?
Mpangaji, Tabata

Marahaba mwanangu. Nyanya ziache kwanza. Najua ndo zinakuuma mfukoni, ila nyanya toka mbegu mpaka uchume ni miezi mitatu au zaidi, na hapo katikati kuna ukungu na kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini 2014, anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda hukohuko dawa haimfikii, wakulima wazoefu wenyewe anawaliza. Ukianza naye huyo utakata tamaa mapema halafu useme bustani haina maana. Anza na mchicha na matembele. Mchicha ukisia leo, wiki ya tatu au ya nne unachuma, na ukiukata juu badala ya kung'oa unachipua tena. Matembele ndo hata mbegu hununui, omba marando kwa mtu, kata vipande vya kama sentimita 30, toa majani ya chini, fukia zaidi ya nusu, mwagilia asubuhi na jioni mpaka yashike, baada ya hapo ni wewe tu na nazi yako.

Sasa hayo maji ndo yamenifanya nikujibu kwa kirefu, maana watu wengi wa Dar wanalaumu mbegu kumbe kisa ni kisima. Karoti na maharage hayataki chumvi kabisa, hoho nayo inasumbuka. Spinachi inavumilia vizuri sana, mchicha nao si haba. Kwahiyo karoti endelea kununua sokoni tu, hiyo wala usiumize kichwa. Ukimwagilia, mimina chini kwenye shina usinyunyize juu ya majani, maji yakikauka chumvi inabaki kwenye jani unaona kingo zinaungua zinakuwa kahawia. Na bora umwagilie mara moja yazame kweli kuliko kurashiarashia, maana ukirashia chumvi inabaki palepale juu kwenye mizizi. Masika ikifika, Machi mpaka Mei, weka pipa chini ya bati ukinge, mvua yenyewe pia inaosha udongo. Maji ya kufulia usiyapeleke huko, sabuni ya unga ina chumvichumvi zake na wewe tayari unazo za kutosha.

Udongo wa mchanga dawa yake ni samadi, ya ng'ombe, mbuzi au kuku, ila iwe imeoza. Ingiza mkono katikati ya lundo, ukikuta joto au harufu inakuchoma pua basi bado, ukiiweka hivyo itaunguza miche, ya kuku ndo kali kuliko zote. Iliyo tayari inakuwa nyeusi, inamung'unyika, inanuka udongo. Changanya na mchanga wako kwenda chini kama sentimita 20, ukishapanda tandaza majani makavu juu maji yasikauke haraka.

Na kwa vile umepanga, mi ningekushauri sehemu fulani upande kwenye viroba, vile vya unga au mchele, jaza udongo na samadi, katikati simamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike mpaka chini, toboa ubavuni upachike spinachi. Ukipewa notisi unahama na mboga zako. Kabla hujaviweka angalia jua linapita wapi, ukuta wa jirani unaweza kukuzibia siku nzima. Mboga za majani zinataka angalau saa nne tano za jua, hizo nyanya zako zinataka sita na kuendelea, siku ukizifikia tafuta mbegu ya aina inayoitwa Tanya, haipandi juu sana hivyo haitaki fujo nyingi za miti ya kuiegemeza.

Bibi Shamba, mchicha wangu unatoboka matundumatundu na sioni mdudu. Jirani kanipa dawa kwenye chupa ya soda, nipulize?
Wa Kigamboni

Usipulize! Chupa haina lebo hujui ni ya pamba au ya nini, hujui ukae siku ngapi ndo uchume, na mboga yenyewe unakula na wanao. Mdudu humuoni kwa sababu unamtafuta mchana. Toka jioni na tochi ya simu, geuza jani, utakuta kiwavi kajibanza chini, mtoe kwa mkono. Wakiwa wengi twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya kipande ili ishike kwenye jani, puliza jioni maana jua linaiua nguvu. Rudia baada ya wiki na mvua ikinyesha pia rudia. Kabla ya kupika osha vizuri, ni chungu ile.

Mama mwenye nyumba anasema bustani yangu inalowesha msingi wa nyumba yake, ni kweli au ananionea?
Sitaki kutajwa

Kama tuta limegusa ukuta ana haki yake. Lisogeze kama mita moja hivi, na ukichuma la kwanza mpelekee fungu.