Siksipaki kwa mtu anayekula sufuria moja na familia

Vijana wanaonifuata pale jimu ya mtaani kuuliza "kaka, hilo tumbo unalifanyia nini?" karibu wote wanasubiri niwatajie zoezi. Nikiwauliza kwanza kwao anapika nani, na anamimina mafuta kiasi gani, wanaona nakwepa swali. Sikwepi.

Misuli ya tumbo kila mtu anayo, hata yule mwenye kitambi cha kuegeshea kikombe cha chai. Ni mikanda miwili ya msuli inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena, imekatizwa na kano zilizolala kimshazari au kimlalo, ndiyo maana ikijitokeza huonekana vipande vipande. Viwe vinne, sita au vinane, viwe vimelingana au kimoja kimepanda juu ya mwenzake, hayo umezaliwa nayo na hakuna zoezi la kuyabadilisha. Unayoyaweza ni mawili: kuikuza misuli yenyewe, na kuondoa mafuta yaliyolala juu yake. Kwa mwanaume vipande huanza kusomeka mafuta ya mwili yakishuka hadi asilimia 10 au 12 hivi. Kwa mwanamke ni juu zaidi, kati ya 16 na 20, na dada anayejikamua hadi hedhi ikakatika ajue amepitiliza, arudishe chakula na amwone daktari.

Sitapu mia mbili kila asubuhi haziyeyushi mafuta ya tumbo. Mwili hautoi mafuta pale unapopachosha. Huyatoa kila mahali kwa mpangilio wake, na kwa wanaume wengi uso na mikono huanza, tumbo la chini likawa la mwisho kabisa. Kwa hiyo utapita kipindi ambacho watu wanakuambia umekonda na wewe ukivua shati bado huoni kitu. Wengi hukata tamaa hapo hapo.

Sasa hayo mafuta ya kupikia. Nyumbani kwetu tuko watu wazima wanne, na dumu la lita 5 lilikuwa linaisha kwa mwezi. Piga hesabu: lita 5 ni kama kilo 4.6, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ukigawa kwa watu wanne kwa siku 30, kila mmoja anakunywa takribani kalori 340 kwa siku za mafuta matupu, kabla hujahesabu tonge moja la ugali. Dumu likishuka hadi lita 3, kila mtu anaokoa karibu kalori 4,000 kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta mwilini inabeba kama kalori 7,700, kwa hiyo hapo umeshatoa nusu kilo, na sahani yako haijapungua.

Kazi ni kulipitisha hilo kwa mpishi. Mke wangu humimina kwa jicho, kama alivyofundishwa, na mboga isiyong'aa kwake ni mboga ya hospitali. Kumhubiria kalori hakukusaidia. Kilichosaidia ni chupa ndogo ya maji niliyotoboa kizibo chake kwa msumari wa moto, nikahamishia mafuta humo. Inatoka kidogo kidogo, mkono wenyewe unachoka kuminya. Kitunguu akakikaanga polepole, nyanya zikaiva mpaka zikaachana, ndimu ikaongezwa mwishoni, na mchicha haukumshinda mtu. Pilau ya Ijumaa sikuigusa. Kuna vita havina faida kuvianzisha.

Kwenye sahani sipimi kwa mizani. Ugali wangu ni ngumi mbili mchana na moja usiku, wali vilevile, mboga za majani ninavyotaka, na kitoweo ndicho naanza nacho kabla tumbo halijashiba wanga. Protini ndiyo inayolinda misuli wakati uzito unashuka, na kiasi kizuri kwa siku kwa mtu anayefanya mazoezi ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 75 anatafuta gramu 120. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia makopo ya unga wa duka la vyakula vya jimu, wakati mayai matatu, kikombe cha maharage yaliyoiva, gramu 150 za kuku au samaki bila mifupa, nusu lita ya mtindi na gramu 50 za dagaa wakavu vinakufikisha huko huko. Dagaa hasa tunawadharau. Waoshe, watoe vichwa, wakaange kwenye kijiko kimoja cha mafuta na pilipili hoho, halafu uniambie hilo kopo lina nini cha ziada.

Vinywaji sitavizungumza sana. Soda ya mililita 350 ina sukari kati ya gramu 35 na 40, bia ya nusu lita inapita kalori 200, na chai ya vijiko vitatu mara nne kwa siku ni soda nyingine uliyoipasha moto. Chagua unachoweza kuachana nacho.

Jumla yake usipunguze zaidi ya kalori 300 hadi 500 kwa siku. Ukishuka nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayejilaza na njaa hupoteza misuli pamoja na mafuta, akaishia mwembamba mwenye tumbo laini.

Kuhusu tizi: msuli wa tumbo hukua kama wa mkono, unataka uzito na muda wa kupumzika. Jimu yetu ina vyuma vya kumwaga zege kwenye makopo ya rangi, na vinatosha. Mara tatu kwa wiki napiga skwati, nanyanyua chuma kutoka chini, najivuta kwenye bomba, napiga pushapu. Tumbo nalipa mazoezi mawili tu mwishoni. La kwanza ni kuning'inia na kuinua miguu, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Miguu ikiishia usawa wa nyonga, kazi kubwa imefanywa na misuli ya mapaja na nyonga, tumbo lilikuwa linashikilia tu. Endelea: kunja magoti, kisha ivute nyonga ijikunje kuelekea mbavuni mpaka mgongo wa chini ujipinde, halafu shuka taratibu bila kubembea. Mtu anayepiga 25 za kubembea hufika nane za namna hii akaachia bomba mwenyewe. La pili ni sitapu nimekumbatia uzito kifuani, kumi hadi kumi na tano kwa seti, na zikiwa nyepesi naongeza uzito, siongezi idadi. Planki, ile ya kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu, ikifika dakika tano ni ya kuwekeana dau. Sekunde 30 ukiwa umebana makalio na tumbo kwa nguvu zote zinafanya zaidi.

Akina mama waliojifungua wasikimbilie sitapu. Mimba huweza kuachanisha ile mikanda miwili katikati, na ukijikunja unaona kituta kikijitokeza juu ya kitovu. Huyo aanze kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni nyingi zina sanamaki, dawa inayomfanya mtu aharishe, na kinachopungua ni maji na choo. Mkanda wa jasho nao hutoa jasho, kama jina lake.

Pima kiuno, mizani isikutawale. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe usawa wa kitovu asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, bila kuvuta tumbo ndani, mara moja kwa wiki. Chumvi ya jana usiku inaweza kupandisha mizani kilo nzima ya maji, wakati futi inaendelea kushuka.

Na jiandae na ndugu. Kwetu kitambi bado ni cheti cha kwamba mambo yako yanakwenda, na anayepungua anaulizwa kama anaumwa. Shangazi yangu alimvuta mke wangu pembeni kwenye msiba akamuuliza kama nimeshapima. Mama mkwe alianza kutuma maandazi. Nilikuwa nakula moja mbele yake na kushukuru, basi. Ukianza kueleza protini msibani utaonekana mgonjwa zaidi.

Ramadhani wapo wanaonenepa, na mfungo hauna kosa, ni futari: magimbi ya nazi, viazi, tambi za sukari, kaimati, vyote kwenye mkeka mmoja. Mimi nafungua kwa tende na maji, naswali, narudi kwa samaki au nyama kwanza, kisha bakuli moja la kitu cha nazi. Vyuma nanyanyua baada ya tarawehe, seti chache, uzito ule ule. Daku silikosi: mayai, maharage yaliyobaki na maji ya kutosha, maana anayelala akapitisha daku ndiye utakayemkuta magharibi na bakuli la tatu la magimbi.