Mama paka: nimwekee sharubu au nimwache hivyo hivyo?

SWALI: Anko mambo vipi. Mi nachora katuni za watoto, mhusika mkuu ni mama paka fundi cherehani, anatembea kwa miguu miwili, kajifunga khanga na miwani kavaa. Sasa nikimwekea sharubu mke wangu anasema nimemgeuza mzee wa kahawa, nikizitoa mwanangu anauliza "baba huyu dubu?" Nishike lipi?
Mchoraji, Tanga

JIBU: Poa kaka. Mwanao yuko sahihi ila tatizo lako sio sharubu. Mpake huyo mama weusi mwili mzima abaki kivuli tu, bado unamwona paka? Kama humwoni basi yachonge masikio, mkia utokeze chini ya khanga, ukifika hapo sharubu ni hiari yako. Mickey Mouse anatamba tangu 1928 bila sharubu hata moja, masikio tu yanatosha. Halafu kuna Hello Kitty, katuni ya Kijapani ya 1974, yule hata mdomo hana lakini sharubu anazo, tatu huku tatu kule, na zinamkaa.

Mimi ningeweka, ila zifanye kazi. Paka wa kweli akivutiwa na kitu sharubu zinaenda mbele, akiogopa anazilaza nyuma zinabana mashavu. Kwa hiyo mama akitunga uzi kwenye sindano zisogeze mbele, mteja akitokea mlangoni anadai gauni la sikukuu na mama hata kukata hajakata, zilaze, sio kila picha zimesimama vile vile kama antena ya redio.

Kuhusu mzee wa kahawa, nahisi umezianzia chini ya pua, hapo lazima ziwe masharubu ya mtu. Pale chini ya pua pawe peupe, zianzie pembeni kwenye mashavu zitoke nje ya uso. Paka halisi anazo kama 12 kila upande, we chora tatu tatu usijitese, maana siku ukitaka katuni itembee kama video, picha 12 kwa sekunde mara sharubu 6 ni mistari 72, dakika moja tu 4,320, mkono utakudai talaka!

Zichore kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake kwenye programu ya kuchorea, na brashi nene kidogo, kwenye simu mistari myembamba inapotea. Na hiyo miwani ipandishe, fremu na sharubu zikigongana shavuni hutajua kipi ni kipi.