Kuhusu Fiame kuapishwa hemani, Samoa 2021

Ndugu, umeuliza kwa nini Fiame Naomi Mata'afa, aliyekuwa waziri mkuu wa Samoa, aliapishwa ndani ya hema. Uchaguzi wa Aprili 2021 ulikipa chama chake, FAST, viti 25 na chama cha HRPP, kilichotawala kwa miongo kadhaa, viti 25, na mgombea binafsi mmoja, Tuala, akaelemea FAST. Wakati huohuo HRPP iliongezewa kiti kimoja kwa hoja kwamba wanawake lazima wawe angalau asilimia 10 ya wabunge, nyongeza ambayo mahakama iliibatilisha. Tarehe 24 Mei, siku ya 45 baada ya uchaguzi na ya mwisho kikatiba kwa Bunge kukutana, Fiame alikuta milango ya Bunge imefungwa, naye akala kiapo uwanjani, chini ya turubai. Kioja, lakini Julai Mahakama ya Rufani ilikitambua kiapo hicho.