Barua kwa Mwanangu: Ujifunze Zana Ipi Kwanza?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mkuu wa shule unayofundisha ametangaza kuwa kuanzia muhula ujao kazi zote zitapitia Google Classroom, darasa la mtandaoni la Google, mwalimu mwenzako mmoja anakusifia Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, mwingine anakutumia viungo vya video kutwa nzima, na wewe umeshafungua akaunti nyingi hata nywila zake huzikumbuki. Kisha ukaniuliza: "Mama, nianze na ipi, na nitafanyaje watoto wakijua kuliko mimi?"

La watoto nilimalize kwanza, maana ni jepesi. Kwa vidole watakushinda, likubali. Anayejua kitufe kilipo mwite mbele awaonyeshe wenzake, mshukuru, somo liendelee. Hukuajiriwa kubofya. Hao hao wanaokimbia kwenye simu hawajui kwa nini jibu lao la hesabu limekosewa, na hapo ndipo wanapokuhitaji.

Hili la kuanza na ipi ndilo refu. Anza na ile iliyochaguliwa na shule. Sisemi ndiyo bora kuliko zote, ila utaitumia kila siku, na ukikwama utapata wa kumuuliza. Hizo nyingine zisubiri. Nadhani hofu ya walimu wengi ilizaliwa mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wakabaki nyumbani. Walimu walitupiwa kila kitu kwa mpigo, usiku wanajifunza, asubuhi wanafundisha. Wewe huna dharura hiyo.

Wala usikariri vitufe, kwa sababu vitahama. Edmodo, mtandao wa walimu na wanafunzi wao, ilianza mwaka 2008, walimu wengi wakahifadhi humo kazi zao, na Septemba 2022 ikafungwa. Kampuni ya Adobe ilipoachana na Flash, programu yake ya michoro inayosogea, mwishoni mwa 2020, michoro mingi ya sayansi iliyokuwa ikichezeka kwenye kivinjari ilizima. Jamboard, ubao wa mtandaoni wa Google, nao haukuvuka mwaka 2024. Kwa hiyo maswali yako yaandike kwanza kwenye faili la kawaida unalolitunza mwenyewe, ndipo uyapeleke kwenye mfumo. Mfumo ukifungwa, utahama nayo.

Na kazi kubwa iko kwenye maswali hayo. Chukua hesabu moja tu, 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Ukitunga jaribio la kuchagua kwenye Google Forms, fomu za maswali za Google, utashawishika kuweka 5/6 pamoja na majibu mengine ya kubuni, ilimradi nafasi zijae. Usifanye hivyo. Weka 2/5: huyo ni yule anayejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Weka 2/6: ni yule aliyekumbuka kutafuta asili ya pamoja lakini akaziacha za juu kama zilivyokuwa. Weka 1/6: amezidisha huyo. Sasa kila jibu baya lina mwenyewe. Wakishajibu, fungua ukurasa wa majibu, Forms itakuchorea mchoro unaoonyesha wangapi wamechagua kila jibu. Sehemu ya 2/5 ikiwa kubwa, unajua kesho unafundisha nini kabla hujagusa daftari hata moja. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuhalalisha usumbufu wote. Mengi ya yale mengine ni mapambo.

Ukitaka kwenda mbele kidogo, Forms inakuruhusu kumpeleka mwanafunzi kwenye sehemu nyingine kulingana na jibu alilochagua. Aliyechagua 2/5 mpeleke palipoandikwa: "Ulianza na nusu, ukaongeza kitu. Je, 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu?" Usimwandikie maelezo marefu. Mwache ashtuke mwenyewe.

Usiyageuze majaribio haya kuwa mtihani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kujaribu kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma maandishi yale yale. Cha kuchekesha, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Basi yawe mafupi, ya mara kwa mara, na maksi uziache.

Kwenye Classroom yenyewe kuna mahali pamoja panapowaumiza wageni. Unapoambatisha hati kwenye kazi, unaulizwa wanafunzi waitazame tu, waihariri, au kila mmoja apate nakala yake. Ukichagua waihariri, darasa zima linaandika kwenye hati moja: huyu anafuta sentensi ya yule, mwingine anajaza vikatuni vya kucheka, na wewe umekaa unatazama kazi ikiyeyuka. Chagua nakala kwa kila mwanafunzi, na uchague kabla ya kutuma, kwa sababu ukishatuma nafasi hiyo imekupita.

Kisha omba akaunti ya majaribio, ingia kwenye darasa lako kama mwanafunzi, na uifungue kazi kwa simu badala ya kompyuta. Mchoro uliopendeza kwenye laptopu utaukuta nusu yake iko nje ya kioo. Picha nzito itazunguka haifunguki. Maelezo uliyodhani yanajieleza utayasoma ukiwa pale chini walipo wao, na utayapunguza. Video ndiyo inayokula data kuliko vyote, kwa hiyo penye ukurasa mmoja wa maandishi unaotosha, weka ukurasa.

Kwa kuwa unafundisha hesabu, moja ya kando nitakuruhusu: GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Salzburg, Austria. Andika y = m x + c, itakuwekea vitelezi vya kubadilisha m na c. Usiwaambie m ni nini. Waulize kwanza, "Nikiipunguza, mstari utakwenda wapi?" Wabishane. Ndipo usogeze taratibu, m ipite sifuri, wauone mstari unalala kisha unainamia upande wa pili. Ukisogeza kabla ya kuuliza, umewaonyesha sinema tu.

Kahoot sikukatazi. Darasa litachangamka kweli. Ila kwa kawaida yake anayejibu upesi hupata pointi nyingi zaidi, na wewe una watoto wanaofikiri polepole na kufikiri vizuri. Itumie mada ikishaiva, usiitumie siku ya kwanza ya mada.

Jambo moja dogo lakini zito: usibandike majina ya watoto na maksi zao kwenye kiungo ambacho yeyote anaweza kukifungua. Na kabla hujawaambia wafungue akaunti popote, soma masharti ya umri. Huduma nyingi hazimtaki aliye chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi au shule.

Kwa muhula huo Classroom na hilo jaribio la 1/2 + 1/3 vinakutosha. Video za mwenzako ziweke kiporo. Ukimaliza kutunga, nitumie kiungo nilifanye kwa simu yangu ile ya zamani. Isipofunguka hapo, ujue kuna watoto ambao haitawafungukia. Majibu usinitumie.

Mama yako