Wamekula Saa Ngapi?

Panya wa kizimba cha nne alikuwa na gramu 250 siku nilipompasua kumtoa ovari. Wiki ya sita nilimrudisha kwenye mizani, ikasoma 320. Dawa nilikuwa nimeshaivuta kwenye bomba la sindano, nikabaki nimeishika. Wiki zote zile nilimpa ujazo uleule. Daftari langu linasema miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili. Panya mwenyewe sasa anapata 0.78.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, najaribu dozi za alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isipukutike. Panya jike akitolewa ovari, estrojeni hushuka na mifupa yake huanza kuisha kama ya mwanamke aliyekoma hedhi. Lakini panya huyo pia hula sana na kunenepa upesi. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma, nikalipita. Wewe unayeanza utafiti kama huu, usilipite. Pima kila mnyama kila wiki, piga hesabu upya, na kando ya uzito andika ujazo uliompa siku ile.

Dozi yenyewe pia ina mtego wake. Anayeanza huchukua dozi ya binadamu akaigawa kwa kilo: mtu wa kilo 60 humeza miligramu 10 kwa siku, yaani kama 0.17 kwa kilo, basi panya naye apewe 0.17. Hapana. Hesabu inayotumika hufuata eneo la mwili, si kilo peke yake, na kwa panya mkubwa wa maabara unazidisha kwa 6.2. Utapata takriban 1. Hiyo iweke katikati, uwe na ndogo yake na kubwa yake. Weka kundi linalopewa maji ya kuyeyushia dawa bila dawa, na jingine lililopasuliwa likashonwa ovari zikiwa ndani. Kundi hili la mwisho ndilo litakalokuonyesha mfupa ambao haukupoteza kitu.

Kisha uvunje mifupa. Nasema hivi kwa sababu wengi huishia kwenye kipimo cha madini ya mfupa, wakiona yameongezeka wanafurahi. Mwaka 1990 ilichapishwa ripoti ya utafiti wa Marekani kwa wanawake 202: waliopewa miligramu 75 za floridi ya sodiamu, iliyotarajiwa kuimarisha mifupa, kila siku kwa miaka minne, madini ya uti wa mgongo yaliongezeka kwa asilimia 35. Mivunjiko ya uti wa mgongo haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, na ya sehemu nyingine ikaongezeka. Mfupa ulijaa lakini haukuwa imara. Kwa hiyo chukua mfupa wa paja, ulaze juu ya nguzo mbili, mashine iukandamize katikati hadi ukatike, uandike nguvu iliyohitajika.

Nilipompelekea msimamizi wangu matokeo yaliyopinda huku na huku, alisoma kurasa mbili akauliza, "Wamekula saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Alendroneti hushikana na kalsiamu, na chakula cha panya kimejaa kalsiamu. Panya hula usiku; mimi nilikuwa nawapa dawa asubuhi, tumbo limejaa. Kosa la mizani lingeweza kuhesabiwa. Hili halikuwa na hesabu. Nilianza upya na wanyama wengine, nikiwaondolea chakula mapema kabla ya dawa. Inaniuma mpaka leo, maana wale wa kwanza waliumizwa na kuuawa kwa matokeo nisiyoweza kuyatumia.

Miaka miwili baadaye mama alianguka mlangoni akavunjika kifundo cha mkono. Akaandikiwa alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Nilimpigia simu.

"Mama, unakimezaje?"

"Na chai, mwanangu. Maji matupu asubuhi siyawezi."

"Chai ya rangi?"

"Ya maziwa."

Hata tumbo likiwa tupu, haifiki asilimia 1 ya dawa hii inayoingia mwilini. Katika zile 70, kama nusu miligramu hivi. Kwa chai ya maziwa, karibu hakuna. Kahawa au juisi ya machungwa peke yake hupunguza kinachoingia kwa kama asilimia 60.

Kama nyumbani kwenu kuna anayetumia dawa hii, muulize leo anavyoimeza. Iwe asubuhi kabla ya chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima au asimame nusu saa, asilale, kwani inaweza kuchoma umio. Vidonge vya kalsiamu navyo visubiri. Dozi yenyewe asiiguse bila daktari.

Mama sasa hukimeza Jumamosi alfajiri, akakaa barazani na simu.

"Bado dakika kumi," huniambia, na nyuma yake nasikia vikombe vikipangwa.